Kati ya Tangazo la Serikali na Sahani ya Mtoto

Tarehe 23 Machi 2011, baada ya ajali ya kituo cha nyuklia cha Fukushima, wakazi wa Tokyo walitangaziwa wasiwape watoto wachanga maji ya bomba. Katika mtambo wa maji wa Kanamachi, kila kilo ya maji ilikutwa na bekereli 210 za iodini-131 yenye mionzi, ilhali kikomo cha mtoto mchanga kilikuwa 100. Kikomo cha mtu mzima kilikuwa 300, kwa hiyo baba na mama waliambiwa waendelee kunywa. Kesho yake kipimo kilishuka hadi 79, marufuku ikaondolewa, na serikali ya jiji ikaanza kugawa chupa 240,000 kwa watoto wachanga wapatao 80,000, chupa tatu kwa kila mmoja. Kiutawala kazi hiyo ilikwenda vizuri: maji yalipimwa, matokeo yakatangazwa, msaada ukafika. Majumbani maswali yalikuwa mengine. Mama anayenyonyesha ahesabiwe mtu mzima tu? Mtoto aliyetimiza mwaka na mwezi mmoja je? Uji upikwe kwa maji gani? Na yale aliyokunywa juzi, kabla ya tangazo? Siku ileile ya tangazo rafu za maji ya chupa madukani zikabaki tupu.

Leo tunaweza kusema mambo mawili kuhusu Fukushima ambayo watu wengi hawapendi kuyaweka meza moja. La kwanza: wataalamu waliokadiria kwamba dozi za mionzi walizopata wakazi wengi zilikuwa ndogo walikuwa karibu na ukweli kuliko wale waliotabiri vifo vya maelfu. La pili: wazazi waliokataa kuwaamini wataalamu hao walikuwa na haki ya kukataa. Anayeshika moja na kutupa jingine hataelewa kwa nini familia zilivunjika katika nchi yenye vipimo bora, madaktari wengi na televisheni kila nyumba.

Turudi kwenye siku za mwanzo. Tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilipiga saa nane na dakika 46 mchana wa tarehe 11 Machi. Tsunami ikazima mitambo ya dharura ya umeme katika kituo cha Fukushima Daiichi cha kampuni ya TEPCO, mafuta ya nyuklia ya vinu vitatu yakayeyuka, na majengo yakalipuka tarehe 12, 14 na 15. Katibu Mkuu wa Baraza la Mawaziri, Edano Yukio, alisimama mbele ya kamera usiku na mchana akiwa na sare ya kazi ya bluu, akirudia kwamba viwango vilivyopimwa havina athari ya papo hapo kwa afya. Sentensi hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini hakuna mzazi aliyeogopa kwamba mwanawe ataanguka jioni ile. Waliogopa saratani ya miaka kumi ijayo, na kuhusu hiyo sentensi ilikaa kimya. Ni lugha ya mdaiwa anayekuhakikishia kwamba leo hajafilisika.

Amri za kuhama zilichorwa kwa duara: kilomita tatu usiku wa tarehe 11, kumi alfajiri ya tarehe 12, ishirini jioni yake. Upepo haukufuata duara. Wakazi wa mji wa Namie walikimbilia Tsushima, bara kidogo, upande wa kaskazini-magharibi, wakakaa huko siku kadhaa. Na huko ndiko lilikoelekea wingu zito la mionzi la tarehe 15. Serikali ilikuwa na mfumo wa kompyuta uitwao SPEEDI, uliotengenezwa mahususi kukadiria mionzi itapeperushwa wapi, lakini ramani zake hazikutolewa kwa umma hadi tarehe 23. Maafisa walijitetea kwamba bila kujua kiasi kilichovuja, makadirio yasingeaminika. Meya wa Namie, Baba Tamotsu, hakuukubali utetezi huo hadi alipofariki mwaka 2018. Kijiji cha Iitate, chenye watu kama 6,000 na ambacho sehemu yake kubwa iko nje ya kilomita 30, kilianza kwa kupokea waliohamishwa. Tarehe 22 Aprili nacho kikawekwa katika orodha ya wa kuhama, zaidi ya mwezi mzima tangu ardhi yake ichafuliwe. Wakati wote huo Marekani ilikuwa imewashauri raia wake wakae umbali wa kilomita 80. Mzazi wa Kijapani aliyesikia habari hiyo hakuhitaji shahada ya fizikia kujiuliza kwa nini mwili wa Mmarekani ulindwe kwa duara pana kuliko wa mwanawe.

Vidonge vya iodini, ambavyo huzuia tezi ya thairoidi iliyoko shingoni isinyonye iodini yenye mionzi, vilikuwa ghalani. Mji mdogo wa Miharu haukungoja: tarehe 15 Machi uliwagawia wakazi wake walio chini ya miaka 40. Serikali ya mkoa wa Fukushima ikaagiza vikusanywe, kwa kuwa agizo la kuvitoa lilikuwa halijatoka. Miharu ikakataa. Katika mkasa mzima huu sioni uamuzi wa ofisi ya umma uliofanana zaidi na uamuzi wa mzazi: haujui kila kitu, unajua muda unakwisha, unachagua.

Halafu zikaja shule. Tarehe 19 Aprili Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba uwanja wa shule unaopimwa chini ya maikrosiveti 3.8 za mionzi kwa saa utumike kama kawaida. Nyuma ya nambari hiyo kulikuwa na nyingine: milisiveti 20 kwa mwaka. Kabla ya ajali, kikomo cha raia wa kawaida kilikuwa milisiveti moja, na ishirini ndiyo wastani wa mwaka unaoruhusiwa kwa mfanyakazi wa kinu. Siku kumi baadaye Profesa Kosako Toshiso wa Chuo Kikuu cha Tokyo, mshauri wa waziri mkuu, alijiuzulu mbele ya waandishi wa habari huku akitokwa na machozi, akisema hawezi kukikubali kipimo hicho kwa watoto.

Nambari ile ilitoka wapi? Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi, ICRP, inashauri kwamba watu wanapoendelea kuishi kwenye ardhi iliyochafuka baada ya ajali, kiwango cha kulenga kichaguliwe kati ya milisiveti 1 na 20 kwa mwaka, kisha kiendelee kushushwa. Haisemi kwamba 20 ni salama na 21 ni hatari. Kanuni za kinga huchukulia kwamba hatari hupanda polepole pamoja na dozi. Milisiveti 100 hukadiriwa kuongeza uwezekano wa kufa kwa saratani kwa takriban nusu asilimia. Chini ya hapo athari huwa ndogo mno kuonekana katika takwimu kwa uhakika. Kwa hiyo nambari hizi ni mapatano. Upande mmoja kuna hatari ndogo ya mionzi, upande wa pili kuna hasara ya kuhama, kupoteza kazi, kufunga shule na kutenganisha wazee na wajukuu. Mapatano hayo yana busara yake, ila wenye watoto hawakuwapo yalipofikiwa. Yalifikiwa ofisini, kisha yakapelekwa kwa mzazi yakiitwa sayansi. Mzazi hakuulizwa kama anakubali hatari ile kwa faida ile. Aliarifiwa tu kwamba uwanja unatumika.

Tarehe 23 Mei wazazi wa Fukushima walifika Tokyo na kuizingira Wizara ya Elimu. Siku nne baadaye wizara ilisema italenga milisiveti moja kwa muda ambao mtoto yuko shuleni, na kwamba itagharimia uondoaji wa udongo viwanjani. Ushindi ulikuwa halali, na ulifundisha somo lisiloweza kufutwa: kipimo kilichoitwa cha kitaalamu mwezi Aprili kilishuka mwezi Mei kwa sababu akina mama walipiga kelele. Baada ya hapo, nani angeamini kipimo kingine bila kwanza kujaribu kupiga kelele?

Mkoa nao ulikuwa na sauti yake. Yamashita Shunichi wa Chuo Kikuu cha Nagasaki, mtoto wa manusura wa bomu la Nagasaki na daktari aliyefanya kazi miaka mingi katika maeneo ya Chernobyl, aliteuliwa kuwa mshauri. Mwezi huohuo wa Machi alizunguka akihutubia wakazi, na katika mkutano mmoja mjini Fukushima alisema kwamba mionzi haiwapati wenye tabasamu, huwapata wenye kuhangaika. Nia yake naielewa: Chernobyl ilimwonyesha jinsi hofu inavyoweza kudhoofisha watu kuliko mionzi yenyewe. Lakini anayemwambia mama atabasamu amehamisha mzigo. Mtoto akiugua, kosa litakuwa la mama aliyekunja uso. Muda si mrefu daktari huyohuyo akapewa kusimamia uchunguzi wa afya ya watu wale aliokwisha kuwaambia wasihofu.

Historia ilikuwa na mifano ya kutosha. Mwaka 1979, baada ya ajali ya Three Mile Island huko Pennsylvania, Gavana Dick Thornburgh aliwashauri wajawazito na watoto wa chini ya umri wa shule walio ndani ya maili tano waondoke. Waliolengwa walikuwa elfu chache. Walioondoka wakawa kama 140,000. Hapo hakuna wazimu wowote. Ukisema mahali hapa hapamfai mtoto wa miaka minne, baba wa mtoto wa miaka saba amekusikia vizuri. Mwaka 1986, baada ya ajali ya Chernobyl, Wasovieti walichagua kimya: mji wa Pripyat ulihamishwa baada ya takriban saa 36, ulimwengu ukaambiwa jioni ya tarehe 28 Aprili baada ya vipimo vya Sweden kulia, na maziwa yenye iodini yakaendelea kunywewa vijijini. Maelfu ya watoto walipata saratani ya thairoidi. Japani haikurudia hilo. Ilizuia maziwa ya Fukushima kufika sokoni ndani ya siku kumi, ikaweka kikomo cha muda cha bekereli 500 za sesiamu kwa kilo ya chakula, na kuanzia tarehe 1 Aprili 2012 ikakishusha hadi 100, na 50 kwa maziwa na vyakula vya watoto wachanga. Katika chakula serikali ilifanya kazi nzuri kuliko sifa iliyoipata. Sifa haikuja kwa sababu watu walikuwa wameshajifunza kusikiliza kwa sikio moja.

Ugomvi ukaingia jikoni. Fukushima ni mkoa wa wakulima, na nyumba nyingi zina vizazi vitatu. Bibi analeta mboga za bustani yake. Mkwe anazitazama, anazitia kwenye friji, hazipikwi. Mume anafanya kazi mjini na bosi wake hataki kusikia habari za kuhama. Shuleni, mtoto anayebeba chakula cha nyumbani badala ya kula cha shule anaonekana. Wakati huohuo mkoa mzima ulikuwa katika kampeni ya kupambana na madhara ya uvumi kwa wakulima na wavuvi, na hapo swali la kawaida kabisa, mchele huu umepimwa, likageuka kuwa usaliti wa jirani. Ujumbe wa usalama uliotoka juu ukapata askari huku chini: mama mkwe, mwalimu, mwenyekiti wa mtaa. Hakuna aliyewaagiza.

Wapo waliohama bila amri, hasa akina mama na watoto, baba akabaki kazini na kuwafuata mwisho wa juma kwa basi la usiku. Serikali iliwaita waliohama kwa hiari. Aliyetoka ndani ya maeneo ya amri alilipwa na TEPCO yeni 100,000 kwa mwezi kwa maumivu ya moyo; kwa wa maeneo ya nje, miongozo ya Desemba 2011 iliweka yeni 400,000 kwa mtoto au mjamzito na 80,000 kwa wengine, kwa mkupuo. Katika miji ya Date na Minamisoma mambo yalikwenda mbali zaidi: nyumba ziliteuliwa moja moja kuwa sehemu zinazoshauriwa kuhamwa, huyu ndani, jirani yake nje, watoto wao darasa moja. Mpimaji alisimama mlangoni na mashine, na tofauti ndogo ya kipimo ikageuka tofauti kubwa ya fedha. Sijui njia ya haraka zaidi ya kuua ujirani.

Bunge, kwa kauli moja, lilipitisha mwezi Juni 2012 sheria ya kuwasaidia watoto na waathirika wa ajali, iliyotamka kwamba mtu aungwe mkono akichagua kubaki, kuhama au kurudi. Katika maandishi yote ya serikali kuhusu ajali ile, hayo ndiyo ninayoyaona ya heshima kuliko yote, kwa sababu yalikiri kwamba uamuzi ni wa familia na gharama ni ya wote. Utekelezaji ukasubiri hadi Oktoba 2013, ukawekewa mipaka ya manispaa 33 za mkoa wa Fukushima, na Machi 2017 makazi ya bure ya waliohama bila amri yakasitishwa. Kubaki na kurudi viliendelea kupata bajeti.

Haki inadai upande wa pili usemwe kwa sauti ileile. Kuhama kuliua. Wagonjwa na wazee kadhaa wa Hospitali ya Futaba, mjini Okuma, walikufa katika safari ya mabasi na baada yake. Vifo vilivyotambuliwa rasmi kuwa vimesababishwa na maisha ya baada ya maafa vimepita 2,300 katika mkoa wa Fukushima, wengi wao wazee, idadi kubwa kuliko ya waliokufa hapo kwa tetemeko na tsunami. Watoto waliobaki walifungiwa ndani. Desemba 2011 Koriyama ilifungua uwanja mkubwa wa michezo wa ndani, PEP Kids, na mwaka uliofuata takwimu za elimu zilionyesha watoto wa Fukushima wakiongoza nchini kwa unene katika rika nyingi. Anayemwambia kila mzazi akimbie naye atoe hesabu. Na waliokimbia hawakupokewa wote kwa wema: mwaka 2016 ilijulikana kwamba mvulana mmoja aliyehamia Yokohama alikuwa akiitwa kijidudu na wenzake na kunyang'anywa fedha.

Sasa tezi. Kuanzia Oktoba 2011 mkoa uliwaalika watoto wote waliokuwa na miaka 18 au chini, zaidi ya 360,000, wachunguzwe thairoidi kwa mashine ya ultrasaundi. Lengo lilitangazwa kuwa ni kuwatuliza wazazi. Karibu nusu wakarudi nyumbani na barua yenye alama A2, maana yake kuna vivimbe vidogo visivyohitaji matibabu. Fikiria ukiipokea. Baadaye watoto wa Aomori, Yamanashi na Nagasaki, mbali na ajali, walipopimwa kwa mashine za aina ileile, zaidi ya nusu nao walikuwa A2. Ila barua ya Fukushima ilikuwa imeshafika. Kesi za saratani au za kushukiwa zimepita 300. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya athari za mionzi, UNSCEAR, ilisema mwaka 2021 kwamba ongezeko hilo halionekani kutokana na mionzi bali na upimaji wa kina unaofichua saratani ambazo pengine zisingeleta shida maishani. Na wataalamu walioitishwa na shirika la utafiti wa saratani la IARC walishauri mwaka 2018 kwamba upimaji wa umma mzima namna hii usifanywe baada ya ajali za nyuklia. Naupa uzito mkubwa ushahidi huo. Lakini mwaka 2022 vijana waliofanyiwa upasuaji walifungua kesi dhidi ya TEPCO, na ukijiweka mahali pao utaona ugumu: waliambiwa ugonjwa wao haukuletwa na ajali, wakaambiwa pia huenda usingegunduliwa kamwe, huku kovu liko shingoni. Uchunguzi ulioanzishwa ili kutuliza ulizalisha wagonjwa, na sijui ofisi yoyote iliyowahi kuwaomba radhi wazazi kwa kutowaeleza uwezekano huo kabla ya kuwalaza watoto kitandani.

Kilichosaidia zaidi, kwa ninavyoona, kilikuwa kipimo kilichokaa mikononi mwa mzazi. Huko Iwaki, Novemba 2011, akina mama walianzisha maabara iitwayo Tarachine. Wakajifunza kupima mchele, udongo, maji ya bahari, vumbi la mfuko wa mashine ya kufagilia. Kikundi cha Safecast kilisambaza vipimo vya kubeba na kuweka wazi kila nambari kwa kila mtu. Profesa Hayano Ryugo alishiriki kuunda BabyScan, mashine ya kupimia mionzi mwilini mwa mtoto mdogo, huku akijua kwa hesabu ya fizikia kwamba ukishampima mama karibu umempima mtoto. Mashine ilijengwa kwa ajili ya mazungumzo: mzazi anakuja, mtoto anapimwa, daktari anakaa naye kuuliza nyumbani mnakula nini. Ndipo hapo mtu aliweza kusikia kwamba dozi ni ndogo na kuamini.

Hata imani hiyo ilipasuka. Makala mbili ambazo Hayano aliandika na mwenzake kuhusu dozi za wakazi wa Date zilitumia data za watu wengi ambao hawakuwa wameridhia, na moja ilikuwa na kosa lililopunguza dozi hadi theluthi ya kiasi halisi. Zilifutwa mwaka 2020. Wakazi walikuwa wamevaa beji za kupimia mionzi ili wajue hali zao. Wakajikuta ni mali ghafi ya hoja ya mtu mwingine.

Mwezi Machi 2018 Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ilitangaza kwamba itaondoa mashine kama 2,400 kati ya takriban 3,000 zinazoonyesha kiwango cha mionzi hadharani katika mkoa huo, karibu na shule na bustani. Nambari zimeshuka na zimetulia, walisema, gharama haina maana. Wazazi wakapinga, miongoni mwao wengi waliokuwa wameamua kubaki na kuamini kwamba wanaweza kubaki. Hoja yao ilikuwa kwamba utulivu wao unategemea kuiona ile nambari kila asubuhi wanapompeleka mtoto chekechea, na kwamba kinu bado kinabomolewa. Mei 2019 mamlaka ikaacha mpango huo. Lakini Aprili 2021, serikali ilipotaka kueleza maji ya kinu yenye tritiamu yaliyopangwa kumwagwa baharini, Wakala wa Ujenzi Mpya ulichapisha katuni ya kiumbe kizuri, tritiamu yenyewe ikitabasamu. Iliondolewa kesho yake. Miaka kumi baada ya hotuba za Machi, tabasamu lilikuwa limerudi.

Somo hili linatuhusu Afrika Mashariki pia. Kenya iliitaja Uyombo, Kilifi, kama mahali pa kujenga kinu chake cha kwanza. Mwaka 2024 wakazi waliandamana kupinga, polisi wakawatawanya, na baadaye macho ya serikali yakageukia Siaya. Uganda inapanga cha kwake Buyende. Sina ugomvi na umeme wa nyuklia kama umeme. Ila ukiitwa barazani, mtaalamu akakuonyesha picha na kukuhakikishia kwamba kila kitu kitakuwa salama, muulize haya: mashine za kupimia zitakaa kwa nani, nani kijijini ataruhusiwa kutangaza kipimo bila kungoja idhini ya mji mkuu, vidonge vya iodini vitawekwa zahanati gani, na mama atakayeamua kuondoka na wanawe, kodi yake ya nyumba italipwa na nani. Mtake aandike majibu na kuyatia saini kabla zege halijamwagwa.